Kabla ya Kujenga Tanuri, Tujue Linakula Nini

Hakuna mwananchi wa visiwa hivi asiyewajua vijana wanaopita mitaani na vigari vyao wakikusanya vyuma chakavu. Hununua ringi ya baiskeli iliyoliwa na kutu, bodi la gari lililokufa, bati la zamani na vipande vya nondo vilivyobaki kwenye nyumba iliyobomolewa. Vyuma hivyo hupimwa kwenye mizani, hulipwa kwa kilo, hulundikwa, kisha hupakiwa na kuvuka bahari. Nasi tunapotaka kujenga, hununua kutoka ng'ambo hiyo hiyo nondo mpya, kwa bei inayozidi sana ile tuliyolipwa kwa chakavu chetu.

Ndipo linapozuka swali barazani, na mara nyengine hata katika vikao vya viongozi: kwa nini tusiyeyushe wenyewe? Swali hili ni la haki, wala anayeliuliza hastahiki kubezwa. Watu wasiojiuliza kwa nini wanauza mali ghafi na kununua bidhaa ni watu waliolala. Lakini swali la haki linastahiki jawabu la haki, na jawabu hilo halipatikani kwa shauku peke yake. Limo ndani ya tanuri lenyewe, katika vitu viwili visivyoonekana kwenye picha za sherehe za uzinduzi: elektrodi na bitana.

Chombo kinachotumika zaidi duniani kwa kugeuza chakavu kuwa chuma cha pua, yaani feleji kama walivyoiita wazee wetu, ni tanuri la tao la umeme. Mfaransa Paul Héroult ndiye aliyelifanya lifae kwa kazi ya kiwandani, karibu na mwaka 1900, huko La Praz katika milima ya Alpi. Leo zaidi ya robo ya chuma cha pua chote cha dunia hutoka katika matanuri ya umeme, na nchini Marekani ni takriban asilimia 70.

Asiyepata kuliona na amtazame fundi wa kuchomea vyuma gereji. Fundi hugusisha kijiti chake kwenye chuma, hukinyanyua kidogo, na hapo huzuka moto mkali wa buluu usioweza kutazamwa kwa macho matupu. Moto huo ndio tao la umeme. Kijiti cha fundi hupitisha ampea mia moja na kitu. Katika tanuri kubwa ziko nguzo tatu za grafiti, kila moja nene kuliko shina la mnazi, na kila moja hupitisha makumi ya maelfu ya ampea. Nguzo hizo ndizo elektrodi. Hushushwa kupitia kifuniko cha tanuri, zikayeyusha chakavu kilichomo, mpaka chuma kikafikia joto la nyuzi 1,600 za Selsiasi na zaidi, kisha kikamiminwa.

Sasa na tuulize: tao linaloyeyusha chuma, litaviacha salama vitu vilivyo jirani nalo? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Elektrodi huliwa. Bitana, yaani matofali na udongo maalumu unaolivisha tanuri kwa ndani kama bitana inavyolivisha koti, nayo huliwa. Tanuri ni chombo kinachojila chenyewe kila siku ya kazi, na ufundi wote wa kulisanifu ni ufundi wa kupunguza ulaji huo bila ya kupunguza kazi.

Tuanze na elektrodi. Grafiti ni kaboni, ndugu wa ile iliyomo ndani ya penseli ya mwanafunzi. Ilichaguliwa kwa sababu hupitisha umeme vizuri, na tena haiyeyuki tanurini. Kwenye ncha, penye joto kali kupita kiasi, hugeuka moja kwa moja kuwa mvuke. Ubavuni, ikisha kuwa nyekundu, huungua kwa hewa kama linavyoungua kaa la moto. Basi hupungua chini na huliwa pembeni, na mafundi hulazimika kuunga kipande kipya juu kwa parafujo nene ya grafiti, nguzo ikaendelea kushuka. Katika miaka ya 1960 kila tani ya chuma ilikula zaidi ya kilo 6 za elektrodi. Leo katika viwanda vilivyo bora hula kilo moja hadi mbili.

Mtu atasema, kilo mbili ni kitu gani? Na ahesabu. Kiwanda cha tani 50,000 kwa mwaka, ambacho duniani huhesabiwa kuwa kidogo, kwa kipimo hicho kitahitaji tani 100 za elektrodi kila mwaka. Nazo haziokotwi ufukweni. Hutengenezwa kwa koki maalumu iitwayo koki ya sindano, itokanayo na mafuta ya petroli au lami ya makaa. Huchanganywa na lami, hufinyangwa, huokwa, hunyweshwa lami, huokwa tena, kisha hupashwa joto la karibu nyuzi 3,000. Kazi hiyo huchukua miezi, na nchi zinazoiweza ni chache. Mwaka 2017 bei ya elektrodi iliruka mara nyingi katika muda mfupi, pale China ilipofunga viwanda vingi vya chuma visivyo na viwango na mahitaji yakahamia kwenye matanuri ya tao, huku watengenezaji wa betri nao wakiitaka koki ile ile. Kampuni kubwa zilizokuwa na mikataba ya muda mrefu zilistahimili. Kiwanda kidogo kisicho na akiba wala mkataba kingefanya nini siku hiyo?

Ama bitana, hadithi yake ni ndefu zaidi. Tanuri la tao huvishwa aghalabu magnesia, madini yasiyoyeyuka mpaka yafikie takriban nyuzi 2,800. Magnesia ilichaguliwa pia kwa tabia yake. Tangu miaka ya 1870 Mwingereza Sidney Gilchrist Thomas alionyesha kwamba ili kuitoa fosforasi, ambayo hukifanya chuma kikatike kikiwa baridi, lazima chokaa itiwe tanurini, na bitana iwe ya jamii moja na chokaa. Chokaa hukamata uchafu na kuelea nao juu ya chuma, ikawa kile ambacho wahunzi wetu tangu zamani wamekiita mavi ya chuma. Bitana ya jamii ya mchanga ikikutana na chokaa hiyo huyeyuka na kuliwa upesi. Ya magnesia hustahimili. Wajapani katika miaka ya 1970 waliichanganya magnesia na kaboni, wakapata matofali yanayopinga kwa nguvu zaidi kulowana na mavi ya chuma.

Lakini adui mkubwa wa ukuta ni tao lenyewe. Ziko sehemu tatu za ukuta zilizo mkabala na elektrodi tatu, na hizo ndizo huliwa mwanzo. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walipoanza kutumia transfoma zenye nguvu nyingi kuliko zamani ili wayeyushe kwa haraka, waliona kuta zao zinaisha kwa kasi ya kutisha. Mhandisi W. E. Schwabe akaweka kipimo ambacho wasanifu hukitumia hata leo: nguvu ya tao, mara volti za tao, gawanya kwa mraba wa umbali uliopo baina ya elektrodi na ukuta. Maana yake ni nyepesi. Tao likiwa refu, ukuta huungua. Ukiwa karibu, huungua zaidi, kwani umbali ukipungua nusu, adhabu huwa mara nne.

Basi wakalifupisha tao, wakapunguza volti na kuongeza ampea. Ukuta ukapumua. Lakini ampea zilipozidi, ncha za elektrodi zikaliwa kwa kasi zaidi, na umeme mwingi ukazunguka bila ya kufanya kazi. Ukiuhurumia ukuta unaiumiza elektrodi, na ukiihurumia elektrodi unauumiza ukuta. Mvutano huo ndio uliowashughulisha wasanifu kwa miaka mingi.

Suluhu ilikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyaondoa matofali katika sehemu kubwa ya ukuta wa juu na kifuniko, na kuweka mahali pake mabamba ya chuma yanayopitisha maji ndani yake. Matofali yakabakia chini, pale chuma kilichoyeyuka kinapokaa, na udongo mgumu wa alumina ukabakia katikati ya kifuniko, pale elektrodi zinapopita. Njia ya pili ni povu. Mafundi hupuliza oksijeni na unga wa kaboni ndani ya mavi ya chuma, yakaumuka kama maziwa yanayochemka, yakalifunika tao. Tao likisha kujificha ndani ya povu, laweza kuwa refu bila ya kuuchoma ukuta, ampea zikapungua, na elektrodi ikapona. Hivyo wale mahasimu wawili wakapatanishwa.

Msomaji ataona kwamba upatanisho huo haukuletwa na mashine pekee. Umeletwa na uangalifu wa kila saa. Povu halisimami ikiwa chokaa na magnesia ndani yake hazikupimwa sawasawa. Bamba la maji likitoboka na maji yakanaswa chini ya chuma kilichoyeyuka, hugeuka mvuke kwa ghafla, na mripuko wake huua watu. Baada ya kumimina, fundi hutazama ndani, akaona palipoliwa, akapazibua kwa kupuliza udongo wa magnesia pangali pa moto. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna mahali ambapo maneno hayo ni kweli kama hapa, kwani ukuta huu ukipasuka, chuma cha nyuzi 1,600 humwagika miguuni mwa wafanyakazi.

Viko viwanda vingi vidogo, katika Afrika Mashariki na Bara Hindi, vinavyotumia tanuri la namna nyengine, la induksheni, lisilo na elektrodi. Wapo watakaosema kwamba kwa tanuri hilo tumeepukana na taabu yote hii. La. Taabu ya elektrodi tutaepukana nayo, lakini bitana itabakia, tena nyembamba, na mara nyingi ya jamii ya mchanga, isiyostahimili chokaa. Kwa hiyo tanuri hilo ni dhaifu katika kuitoa fosforasi, na linachopokea katika chakavu ndicho takriban linachokitoa katika nondo. Mwenye nyumba hataliona hilo kwa macho, na ndiyo sababu nondo hupimwa maabara.

Hapa tunarejea kwa yule kijana mwenye kigari, maana habari hii inamhusu yeye kabla ya kumhusu waziri. Chakavu chetu kikoje? Mara nyingi nondo huuzwa zingali na madonge ya zege. Bodi la gari huuzwa na viti vyake, mpira wake na nyaya zake za shaba. Mapipa huuzwa yamejaa mchanga, kwa kuwa mchanga nao una uzito mbele ya mizani. Muuzaji hudhani amepata. Na tutazame yanayotokea tanurini.

Elektrodi inaposhuka, mtambo unaoiongoza huusikiliza umeme. Ikikaribia chuma, umeme hupita, na mtambo huisimamisha. Ikikutana na donge la zege au gogo, umeme haupiti. Mtambo hudhani elektrodi ingali juu, huzidi kuisukuma, na nguzo ya thamani kubwa hukatika. Mchanga nao ni silika, na silika huivunja nguvu chokaa. Kila kilo moja ya silika hudai kilo mbili au zaidi za chokaa ili iwe shwari, na isipopewa huichukua magnesia ya ukutani. Mchanga wetu, kwa maneno mengine, unakula bitana ya watu. Shaba nayo ikisha kuingia ndani ya chuma haitoki kwa moto wowote wa tanuri, na chuma chenye shaba nyingi hupasuka kinapofinyangwa kingali cha moto. Ama mtungi uliozibwa au chombo chenye maji ya mvua ndani yake, hicho ni bomu.

Mwenye kiwanda anayajua yote haya, ingawa hatuambii. Huyahesabu kimya kimya na kuyaondoa katika bei ya kila kilo. Wenye kulipa ni sisi sote, aliyetia mchanga na asiyetia.

Liko jambo la tatu, nalo ni umeme. Kuyeyusha tani moja ya chakavu huhitaji takriban kilowati-saa 400 katika kiwanda kizuri, na zaidi katika kiwanda kibaya. Kile kiwanda chetu cha kufikirika cha tani 50,000 kitataka kwa uchache kilowati-saa milioni 20 kwa mwaka. Na wingi wake ni nusu tu ya shida. Chakavu kinapoporomoka juu ya elektrodi, tao huzimika, huwaka, hukatika, hurudi, mara nyingi katika dakika moja. Katika gridi kubwa mishtuko hiyo humezwa. Katika gridi ndogo iliyo mwisho wa waya mrefu, taa za nyumba zote hupepesa, na mashine za hospitali na skuli huathirika, isipokuwa viwekwe vyombo vya kusawazisha ambavyo gharama yake si ndogo.

Sisi tuko mwisho wa waya. Umeme wetu mwingi huja kwa kupita chini ya bahari. Waya wa kwanza wa Unguja, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulilazwa mwaka 1980 ukiwa na uwezo wa megawati 45. Wa pili ulianza kazi mwaka 2013 ukiwa na uwezo wa megawati 100. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010. Tanuri moja la tani 100 kwa kila mpiko, ambalo ni la kawaida duniani, laweza kuvuta peke yake megawati 60 hadi 100. Na watu wa Unguja hawahitaji kukumbushwa umeme ni kitu gani. Walikaa gizani takriban mwezi mmoja katikati ya mwaka 2008, na miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakichota maji visimani kwa kuwa pampu zilinyamaza. Hatuwezi kumshauri mtu aliyepitia hayo agawane waya wake na tanuri.

Kwa hiyo gazeti hili linasema wazi: kwa umeme ulivyo hivi sasa, mahali pa tanuri la tao si visiwani. Kusema hivyo si kukata tamaa wala kuridhika na unyonge. Ni kuhesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali inayozungumzwa hapa ni ya umma.

Na ikiwa kesho atakuja mtu, mwenyeji au mgeni, na michoro yake mizuri na ahadi za ajira, basi mwenye dhamana asimuulize mwanzo jengo litakuwa na urefu gani. Amuulize elektrodi zitatoka wapi, kwa mkataba wa miaka mingapi, na akiba ya miezi mingapi itawekwa. Amuulize bitana ni ya namna gani, itadumu mipiko mingapi, nani ataikarabati, na vijana wetu wangapi watafundishwa kazi hiyo kabla ya moto kuwashwa. Amuulize mishtuko ya umeme itazuiwa kwa chombo gani na kwa gharama ya nani. Amuulize vumbi na moshi vitanaswa vipi, na mavi ya chuma yatamwagwa wapi katika kisiwa ambacho kila shimo liko karibu na kisima. Atakayejibu kwa hesabu na asikilizwe. Atakayejibu kwa tabasamu na ashukuriwe, aende zake.

Lakini tusingoje tanuri ndipo tuanze kazi. Iko kazi ya leo isiyohitaji megawati hata moja. Halmashauri na masheha washirikiane na vijana wa chakavu kutenga viwanja vya kuchambulia, vyenye sakafu ngumu na mizani iliyokaguliwa. Zege ligongwe litoke. Shaba itenganishwe na kuuzwa peke yake, kwani bei yake ni kubwa kuliko ya chuma. Mchanga ukung'utwe. Mitungi yote ifunguliwe na kukaguliwa. Kisha chakavu kiuzwe kwa madaraja, kwa mkataba mmoja wa ushirika, badala ya kila mmoja kwenda peke yake mbele ya mnunuzi na gunia lake. Chakavu safi kina bei yake katika kila soko la dunia, kwa sababu kinaokoa elektrodi na bitana za anayekinunua.

Na katika vyuo vyetu vya ufundi, pamoja na useremala na uchomeaji, na pafundishwe elimu ya joto na ya matofali yanayostahimili moto. Sisi si wageni wa moto. Wazee wetu walichoma chokaa kwa matumbawe na kuni, wakajua kwa rangi ya moto na harufu ya moshi lini chokaa imeiva, na majumba ya Mji Mkongwe ni ushahidi wao. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa kazi yao mwanzo hadi mwisho, na hawakuazima fahari ya mtu.

Katika Qur'ani Tukufu iko sura iliyopewa jina la chuma, Al-Hadid. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba ndani ya kitu hicho mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Nguvu hiyo haimnufaishi asiyejua kuitunza. Tuanze kwa kuichambua tuliyonayo mikononi, kipande kwa kipande, na kijana wa kigari alipwe haki yake kwa chuma, wala asilazimike kuuza mchanga.